Kitasa cha Pikapu Kimeganda: Jinsi ya Kukifungua Bila Kuvunja Ufunguo, na Jinsi ya Kukizuia Kisigande Tena

Ufunguo wangu wa kwanza wa gari huku Marekani niliuvunja mlangoni, saa kumi na moja na nusu alfajiri, nikitoka zamu ya usiku kwenye ghala moja hapa Minnesota. Uliingia vizuri, ukagoma kuzunguka. Nikafanya kile ambacho mtu yeyote aliyezoea vitasa vya Dar angefanya: nikaongeza nguvu. Kichwa cha ufunguo kikabaki mkononi, ulimi ukabaki ndani. Mwenzangu wa zamu, mtu wa Bukavu aliyenitangulia baridi hii kwa miaka kadhaa, akaja akachungulia tundu, akatikisa kichwa. "Muzee, hii haiombe nguvu, inaomba spiriti. Ungeniita."

Tangu siku hiyo kitasa kimenigandia mara nyingi na sijavunja kitu tena. Haya ninayoandika yanamfaa yeyote anayeendesha pikapu Minneapolis, Fargo, Winnipeg, Edmonton au popote ambako majira ya baridi yana meno. Aliyekulia Njombe au Makete anaijua jalidi ya Juni na Julai, ile inayounguza majani ya viazi, lakini ile huondoka jua likipanda. Ya huku hukaa. Tarehe 30 Januari 2019 Minneapolis ilishuka hadi nyuzi 33 chini ya sifuri kwa Selsiasi, ambazo redio za huku huzitangaza kuwa 28 chini ya sifuri kwa Fahrenheit. Siku kama hiyo chuma hakiguswi kwa mkono mtupu, na upepo ukivuma ngozi iliyo wazi inaweza kuungua kwa baridi ndani ya dakika 10. Kwa hiyo kabla ya hatua yoyote, vaa glavu.

Kinachoganda ni maji

Kitasa kikavu hakigandi, hata baridi iwe kali namna gani. Grisi ya zamani inaweza kuwa nzito na kitasa kikawa kigumu, lakini kinachokibana kabisa ni tone la maji lililoingia na kugeuka barafu. Ndiyo maana vitasa havisumbui sana zile siku za baridi kali kavu. Vinasumbua asubuhi inayofuata siku ambayo joto lilipanda kidogo, theluji ya juu ya paa la gari ikayeyuka, ikachuruzika mlangoni, kisha usiku ukaingia na kila kitu kikaganda. Mvua inayoganda ikigusa chuma ni mbaya zaidi. Na siku mbaya kuliko zote ni ile uliyopeleka gari kuoshwa.

Ndani ya tundu la ufunguo kuna silinda, na ndani ya silinda kuna vibati vyembamba vilivyokaliwa na springi ndogo kama za kalamu, ndogo hata zaidi. Ufunguo sahihi unavipanga vibati hivyo sawa ndipo silinda inazunguka. Tone moja likiganda kati ya vibati, springi hazina nguvu ya kulisukuma. Wewe ukizungusha, mzigo wote unabebwa na ulimi wa ufunguo. Wangu ulibeba ukashindwa.

Nyuma ya silinda kuna fimbo au waya unaokwenda hadi kwenye komeo, yaani ule mdomo wa chuma ulio ukingoni mwa mlango, unaong'ata chuma chenye umbo la U kwenye nguzo ya gari. Kisha kuna raba inayozunguka mlango mzima. Sehemu zote hizi zinaganda, na kila moja ina dawa yake.

Kwanza jua kilichoganda ni kipi

Watu wengi huanza kumimina dawa kwenye tundu la ufunguo wakati shida iko kwenye raba. Simama kidogo usikilize.

Bonyeza rimoti. Taa zikiwaka na ukasikia mlio wa kufunguka ndani ya mlango, silinda waiache kabisa. Shika mkono wa mlango uvute taratibu. Kama mkono unakuja kama kawaida na mlango unajaribu kutoka lakini umeng'ang'ania kingo zote, ni raba. Kama mkono umelegea, hauna uzito wowote, au kinyume chake umekauka kama umechomelewa, ni komeo au waya wake.

Rimoti isipotoa mlio wowote, usikimbilie kulaumu barafu. Betri ya rimoti, ambayo kwenye gari nyingi ni ile ya duara bapa inayoandikwa CR2032, hudhoofika kwenye baridi. Iweke kwapani ndani ya koti dakika mbili tatu, ujaribu tena ukiwa karibu na mlango. Ikikataa bado, huenda betri ya gari yenyewe imelala, na hapo ndipo ufunguo wa chuma unapokuwa na kazi. Kama gari lako ni la kuwasha kwa kitufe, ufunguo huo umefichwa ndani ya rimoti, na tundu lake mara nyingi limefunikwa na kifuniko cha plastiki kwenye mkono wa mlango wa dereva. Kitafute leo ukiwa na mwanga na vidole vyenye joto. Usiku wa kuganda hutakiona.

Ufunguo usipoingia, au ukiingia usizunguke, hiyo ndiyo silinda.

Halafu kuna jambo ambalo watu husahau: jaribu milango mingine. Upande uliopigwa na upepo unaweza kuwa umeganda wote na upande wa pili ukafunguka kwa kidole. Nimewahi kuingia kwa mlango wa abiria wa nyuma, nikapanda juu ya viti kama mtoto, nikawasha injini na hita, na baada ya robo saa mlango wa dereva ukafunguka wenyewe kutokea ndani. Haipendezi kutazama, lakini haivunji kitu.

Silinda: spiriti, ufunguo, subira

Dawa ya kwanza ni spiriti ya dukani, ile ya isopropili. Kwenye maduka ya dawa ya huku inauzwa ya asilimia 70 na ya asilimia 91. Chukua ya 91, kwa sababu kinachobaki kwenye chupa ni maji, na maji ndiyo tunayoyafukuza. Isopropili tupu huganda kwenye nyuzi 89 chini ya sifuri, kwa hiyo hata Januari ya Minnesota haiifikii. Vichupa vidogo vya dawa ya kuyeyushia vitasa vinavyouzwa kwenye maduka ya vipuri vingi vina pombe ya aina hiyo hiyo au jamaa zake, tofauti ni mdomo mwembamba unaoingia tunduni.

Fanya hivi. Kwangua barafu ya juu ya tundu kwa ukucha wa glavu au kadi ya plastiki. Tundu lina kilango kidogo chenye springi. Kisukume ndani kwa ncha ya ufunguo ili dawa isiishie nje. Mimina au puliza sekunde mbili hivi, usubiri dakika moja kamili. Ingiza ufunguo bila kuzungusha, utoe, uupanguse, uingize tena. Unaporudia hivyo ufunguo unabeba spiriti hadi kwenye vibati vya ndani kabisa. Sasa zungusha kwa vidole viwili tu, kidole gumba na cha shahada, kushoto kidogo na kulia kidogo. Hicho ndicho kipimo changu cha nguvu: kama vidole viwili havitoshi, kitasa hakijawa tayari. Puliza tena, subiri tena. Siku mbaya nimerudia mara nne.

Kama huna spiriti, sanitaiza ya mikono inasaidia, maana nyingi zina pombe ya asilimia 60 na zaidi. Paka ufunguo, ingiza, toa, rudia. Ni ute mzito na unaacha uchafu ndani, kwa hiyo ni ya dharura tu, na baadaye utasafisha.

Kupasha ufunguo moto kwa kiberiti cha gesi ni njia ya zamani na inafanya kazi, ila kwa ufunguo wa chuma kitupu tu. Ufunguo wenye kichwa cha plastiki mara nyingi una chipu ndani, na chipu ikiungua mlango utafunguka lakini injini itakukatalia. Ukiwa na ule wa chuma, ushike kwa plaizi, upashe ulimi sekunde chache, ingiza uache moto wenyewe ufanye kazi. Na tafadhali, usipashe moto mahali ulipotoka kupuliza spiriti. Inawaka, na mwali wake mchana hauonekani vizuri.

Draya ya nywele inafaa sana kama una umeme karibu. Viegesho vingi vya Winnipeg na Edmonton vina soketi za kupashia injini, kwa hiyo ukiwa na waya mrefu wa kutumika nje, mambo ni rahisi. Tumia joto la kati, sentimita 10 hivi kutoka kitasani, dakika tano. Draya ikiisha kazi, puliza spiriti hata kama kitasa kimefunguka, kwa sababu barafu uliyoyeyusha sasa ni maji, na maji hayo bado yamo ndani. Ukiyaacha, jioni unarudi mwanzo.

Kupuliza kwa mdomo? Pumzi ina joto, lakini pia ina mvuke, na mvuke huo unaganda ndani. Kama huna kitu kingine kabisa, tumia mrija wa soda ili midomo isikaribie chuma. Ngozi yenye unyevu hunasa kwenye chuma cha baridi, na kuibandua ni damu.

Maji ya moto usimwage. Najua inavutia, birika liko jikoni na mlango uko hatua kumi. Kioo cha mlango kinaweza kupasuka kwa mshtuko wa joto, na kisipopasuka, maji yale yatashuka ndani ya mlango na kukugandishia komeo ambalo lilikuwa zima.

Na kama ufunguo umekatika, kama wangu? Usisukume kipande ndani kwa bisibisi. Yeyusha barafu kwanza kwa spiriti, maana kipande kimeshikwa na barafu hiyo. Kama kimechungulia nje, kivute kwa koleo nyembamba ya nyusi. Kama kimezama, mwite fundi funguo. Kwa ile nusu iliyobaki mkononi na namba ya chasisi anaweza kukukatia mwingine.

Raba: sukuma kabla ya kuvuta

Mlango ulionaswa na raba ukiuvuta kwa hasira unachana raba, au unabaki na mkono wa mlango. Plastiki kwenye baridi huvunjika kama biskuti. Fanya kinyume: uegemee mlango kwa bega na kiuno, usukume kuelekea ndani mara kadhaa, pembe ya juu, katikati, pembe ya chini. Barafu ni ngumu lakini haikunjiki, kwa hiyo ukiiminya inapasuka. Utasikia mlio kama wa kukanyaga chips. Kisha zungusha kadi ya plastiki kwenye mpaka wa mlango, mwagia spiriti kidogo juu, uache itiririke, uvute polepole kuanzia pembe ya chini.

Pikapu ina faida moja: zipo zenye kidirisha cha kuteleza nyuma ya kebini. Jirani yangu mmoja, mzee wa huku huku aliyezaliwa na baridi, mwenye mwili mdogo, aliwahi kunionyesha namna anavyoingilia hapo kutokea kwenye bodi, yaani sehemu ya mizigo nyuma. Mimi tumbo limekataa.

Komeo: linafunguka lakini halifungi

Hili ndilo ninaloliogopa zaidi, kwa sababu ni la hatari. Umeingia, umevuta mlango, unarudi. Unaubamiza, unarudi tena. Komeo limeganda likiwa limefunga mdomo, au limeganda likiwa wazi na halitaki kung'ata.

Acha kubamiza. Angalia ukingo wa mlango, utaona mdomo wa chuma. Kama umefunga huku mlango uko wazi, shika mkono wa mlango kama unayefungua, uushikilie hivyo, na kwa bisibisi usukume mdomo ufunguke. Ukikataa, puliza spiriti ndani yake, ngoja dakika mbili, jaribu tena. Kama mdomo uko wazi lakini mzito, usukume kwa bisibisi ujifunge na uufungue kwa mkono wa mlango, mara kumi, mpaka urudi wepesi wake. Hakikisha umeuacha wazi kabla ya kufunga mlango.

Usiendeshe ukiwa umefunga mlango kwa kamba au mkanda wa kiti. Nimeona watu wakifanya hivyo kwenye barabara kuu, na sikuamini macho yangu. Mlango unaoonekana umefunga wakati komeo halijang'ata vizuri unaweza kufunguka njiani, hasa kwenye kona.

Hapa pana jambo la kiwandani ambalo wenye pikapu wanapaswa kulijua. Oktoba 2017 Ford ilirudisha karakana takriban pikapu milioni 1.3 huko Amerika ya Kaskazini, F-150 za 2015 hadi 2017 na Super Duty za 2017, kwa sababu komeo la mlango liliweza kuganda au waya wake kupinda, mlango usifunguke au usifunge sawasawa. Marekebisho yalihusisha kuweka kinga ya maji juu ya makomeo, bila malipo. Tunaonunua gari mkononi hatujui kama mwenye nalo wa kwanza aliitikia wito. Chukua namba ya chasisi, ile yenye tarakimu na herufi 17 iliyo chini ya kioo cha mbele upande wa dereva, uiingize kwenye tovuti ya NHTSA, wakala wa usalama barabarani wa Marekani, nhtsa.gov. Itakuambia kama kuna marekebisho ambayo hayajafanyika, ya mlango au ya kitu kingine.

Mlango wa bodi na masanduku ya vifaa

Kwa pikapu, kitasa cha nyuma ndicho kinachoteseka kuliko vyote. Magurudumu yanarusha tope la theluji na chumvi ya barabarani moja kwa moja hadi pale. Chumvi inaleta kutu, kutu inashika unyevu, unyevu unaganda. Dawa ni ile ile ya silinda, ila uwe tayari kurudia zaidi. Kufuli za masanduku ya vifaa zining'inie tundu likiangalia chini, na uzifunike kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Hicho ni kiujanja cha nyumbani na huku kinafanya kazi vizuri sana.

Kuzuia: kazi ya Oktoba

Kazi hii inafanywa kabla theluji ya kwanza haijaanguka, na inachukua chini ya saa moja.

Anza kwa kukausha silinda zote kwa spiriti ya 91. Ingiza na kutoa ufunguo, upanguse kwa kitambaa cheupe, hadi utoke safi. Wangu wa kwanza ulitoka mweusi kama masizi mara saba. Iache ikauke nusu saa, kisha weka kilainishi kikavu. Una chaguo mbili: unga wa grafiti, ule ule wa penseli, au dawa ya tefloni ya kupuliza. Napendelea tefloni kwa sababu grafiti inachafua mikono na nguo. Chagua moja ubaki nayo, na usichanganye grafiti na mafuta ya aina yoyote, utapata ugali mweusi ndani ya silinda. Ile WD-40 ambayo kila mtu anayo kabatini ilitengenezwa mwaka 1953 kwa kazi ya kufukuza maji, na kazi hiyo inaifanya. Kama kilainishi cha msimu mzima haikai, na mafuta yake hukusanya vumbi. Itumie kwa dharura, si kwa kinga.

Makomeo yasafishe kwa kitambaa, uyapake grisi nyeupe ya litiamu kidogo tu. Raba zioshe kwa maji ya sabuni, zikauke kabisa, uzipake silikoni kwa kitambaa, pamoja na pembe za chini ambako maji hukaa. Vaselini iache bafuni. Inatokana na mafuta ghafi na raba haipatani nayo.

Kisha tabia za kila siku. Tumia ufunguo wa chuma mlangoni angalau mara moja kwa mwezi, hata kama rimoti ni nzima. Silinda isiyozungushwa msimu mzima hufa kwa kutu, na utaijua siku unayoihitaji. Kabla ya kufunga gari jioni, acha mlango wazi dakika moja ili hewa yenye unyevu wa pumzi na viatu vyenu itoke. Ile hewa ndiyo inayogeuka barafu kwenye raba na makomeo usiku. Kung'uta viatu kabla ya kuingia. Ukiegesha, mlango wa dereva usiangalie upepo unakotoka.

Gari lazima lioshwe wakati wa baridi, la sivyo chumvi itakula bodi. Subiri siku joto likipanda juu ya sifuri, bandika tepu kwenye matundu ya funguo kabla ya kuingia, na ukitoka panguza kingo za milango kwa taulo, fungua na funga kila mlango mara tano, mlango wa bodi nao usiusahau. Kisha endesha dakika 20 na hita ikiwa juu kabla ya kuegesha.

Watakuambia ufunike tundu kwa sumaku ya friji. Ushauri mzuri kwa gari la chuma, lakini bati la nje la F-150 kuanzia ya 2015 ni la aluminiamu, na kwenye pikapu nyingi za sasa tundu lenyewe liko kwenye mkono wa plastiki. Sumaku inaanguka. Tumia tepu ya karatasi wanayotumia mafundi rangi.

Chupa ya spiriti inakaa kwenye koti. Niliiweka kwenye droo ya gari msimu wangu wa pili mzima, na nadhani umeshaona tatizo liko wapi. Na ile tepu ibadilishe kila wiki. Ikikaa sana gundi yake inashikana na rangi, na kuibandua kwa vidole vilivyokufa ganzi ni kazi nyingine tena.